Filamu huru za bure chuoni Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Muhula ukianza, maswali kuhusu filamu ambazo kamati yetu huonyesha ukumbini huwa ni yaleyale, yawe yameulizwa getini, kantini au kwenye kundi la WhatsApp. Tumeyaweka hapa yote. Mengine yamejibiwa kwa mstari mmoja. Yanayohusu hela na haki za wenye filamu yamechukua nafasi zaidi, maana huko ndiko kwenye minong'ono.

Kiingilio ni shilingi ngapi?

Hakuna kiingilio. Hakuna tiketi, hakuna kapu la kupitisha, hakuna anayeuza viti vya mbele. Mtu akikudai hela mlangoni, hata mia tano ya "kukushikia nafasi", usitoe. Mtafute mwanakamati yeyote mwenye kitambulisho shingoni umwambie.

Mimi si mwanafunzi. Naruhusiwa?

Unaruhusiwa. Njoo na kitambulisho chenye picha, kiwe cha NIDA, leseni ya udereva au cha mpiga kura. Mlinzi atakuandika kwenye daftari na kukuelekeza ukumbini. Wageni wetu wengi wanatoka kazini moja kwa moja: mafundi, manesi, watu wa maduka ya mjini, na akina dada wa saluni ambao kwenye mazungumzo huwa na hoja kali kuliko wahadhiri.

Ni siku gani na saa ngapi?

Kila Alhamisi ya wiki za masomo. Wiki za mitihani tunapumzika. Milango hufunguliwa saa 12:15 jioni, filamu inaanza saa 1:00 usiku.

Wengi wanauliza kwa nini tusianze saa 11 ili watu wawahi nyumbani. Tatizo ni mwanga. Ukumbi una madirisha marefu na mapazia mepesi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la Moshi huzama karibu muda uleule mwaka mzima, kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni. Ukiwasha projekta kabla ya hapo, weusi wote wa kwenye picha unageuka kijivu, na nyuso za watu wa rangi yetu ndizo zinazopotea kwanza. Unabaki kuona meno na mashati. Kwa hiyo tunasubiri giza. Na saa moja ni saa moja kweli, si ile ya kwenye kadi ya harusi.

Inaisha saa ngapi? Nitarudije?

Filamu ndefu pamoja na mazungumzo huisha kama saa 3:30 usiku. Muda huo daladala zimepungua. Watu wa njia moja hukutana penye ubao wa matangazo wakachangia bajaji: simama pale utaje unakokwenda, Pasua, Majengo, Rau, Kiborloni, utapata wenzako. Bodaboda zipo getini, ila mpatane bei kabla hujapanda.

"Filamu huru" ni ipi hasa?

Ni filamu iliyotengenezwa nje ya mikono ya kampuni kubwa za sinema. Mwongozaji na mtayarishaji wanatafuta hela wenyewe, kwa akiba, kwa ndugu, kwa ruzuku za mifuko ya sanaa, na wao ndio wenye kauli ya mwisho juu ya hadithi, waigizaji na namna filamu itakavyohaririwa. Ukubwa wa bajeti si kipimo. Wala mahali ilikorekodiwa si kipimo, na hapa ndipo watu wengi huchanganya.

Chukua mfano wa jirani. Hatari! ya mwaka 1962, ile ya John Wayne iliyoongozwa na Howard Hawks, ilirekodiwa Tanganyika, sehemu kubwa huko Arusha na Momella. Mmoja wa waigizaji wake, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella hadi akanunua shamba hapo. Ukiiangalia leo unayatambua mandhari. Lakini ilikuwa filamu ya Hollywood iliyosambazwa na Paramount, inahusu wageni wanaokamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama, na wenyeji wamo humo kama vichaka vilivyomo. Hiyo si filamu huru, hata kama kila vumbi linaloonekana ni la kwetu.

Sasa iweke kando ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Imezungumzwa Kiswahili, imerekodiwa Zanzibar, na mwaka 2021 ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa, ikiwa ni mara ya pili tu kwa nchi yetu kufanya hivyo baada ya Maangamizi mwaka 2001. Waliosimulia ndio waliochagua nini kisimuliwe. Za namna hiyo ndizo tunazozitafuta.

Bongo Movie ni filamu huru?

Swali hili limewahi kuzua ubishi hadi mlinzi akaja kuzima taa. Jibu letu: kwa upande wa hela, nyingi ni huru, maana hakuna studio kubwa iliyokuwa nyuma yake. Kwa upande wa kauli, mara nyingi hapana. Enzi za kanda na DVD msambazaji ndiye aliyekuwa na sauti. Alitaka sura fulani kwenye kava, alitaka hadithi ikatwe iwe sehemu ya kwanza na ya pili ili auze mara mbili, na mtayarishaji aliyeishiwa alikubali. Ndiyo maana ukizirudia unakuta filamu yenye hadithi ya saa moja imevutwa hadi saa tatu, gari linaingia getini dakika nzima, mtu anapanda ngazi zote. Kuna zilizoponyoka katika utaratibu huo, na hizo tunazionyesha kwa furaha.

Mbona ni bure? Kuna mtu anafaidika?

Bure ni kwako wewe unayeingia. Nyuma yake kuna gharama: haki ya kuionyesha filamu, ada za vibali, mafuta ya jenereta, na posho ndogo ya fundi mitambo anayebaki hadi saa nne usiku kukunja nyaya. Chuo kinatoa ukumbi na umeme. Kinachobaki kinatoka kwenye fungu la utamaduni la serikali ya wanafunzi, na pale filamu inapokuwa ya nje, mara nyingine kituo cha utamaduni cha nchi husika hubeba gharama za haki.

Wanafunzi wengine hulalamika kwamba michango yao inawaburudisha watu wa mtaani. Malalamiko hayo ni halali, na jibu ni la kihesabu. Mikataba yetu mingi ni ya malipo ya mkupuo kwa onyesho moja, iwe wameketi watu thelathini au ukumbi umejaa. Kiti kikibaki wazi hakuna senti inayorudi kwa mwanafunzi. Kikikaliwa na fundi cherehani wa Majengo, mazungumzo yananoga. Sisi tunaona ni biashara nzuri.

Kwa nini msipakue tu? Filamu zote ziko YouTube na Telegram.

Kwa sababu tunawaalika watengeneza filamu waje kukaa na sisi, na hatutaki mtu aingie ukumbini akute kazi yake inaonyeshwa kwa kuibiwa.

Kisheria mambo yako hivi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aionyeshe hadharani. Kutotoza kiingilio hakuiondoi haki hiyo. Mtu anaweza kudhani kwamba akilipia Netflix basi filamu ni yake, lakini masharti anayoyakubali bila kuyasoma yanasema ni kwa matumizi binafsi. Ukumbi wa chuo si sebule. Netflix wenyewe wana baadhi ya filamu za makala wanazoziruhusu zionyeshwe mara moja kwa ajili ya elimu bila kutoza watu, na hizo tunazitumia inapofaa. Pia zipo filamu zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, ambapo mwenyewe ameshaandika unachoruhusiwa na usichoruhusiwa.

Kwa zilizobaki tunafanya jambo rahisi ambalo watu hawaamini: tunaomba. Tunamwandikia mwongozaji au mtayarishaji, tunamweleza sisi ni nani, ukumbi unachukua watu wangapi, tutaionyesha lini na mara ngapi. Wengine wanataja bei. Wengine, hasa vijana wenye filamu fupi, wanasema waonyesheni tu, nitumieni picha ya watu wakiwa wamekaa. Filamu iliyowekwa YouTube na mwenyewe nayo tunaiombea ruhusa, kisha tunaomba faili safi, maana intaneti ya chuo saa moja usiku, wanafunzi wote wakiwa bwenini na simu zao, haifai kutegemewa hata kwa dakika kumi.

Na Bodi ya Filamu?

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe na kupata kibali kabla ya kuonyeshwa hadharani, na Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo yenye kazi hiyo, pamoja na kupanga umri wa watazamaji. Kwa hiyo ratiba inapangwa mapema. Ukituletea filamu Jumanne ukitaka ionyeshwe Alhamisi, hata iwe nzuri namna gani, haitawezekana.

Wazee wanasema sinema za gari nazo zilikuwa bure. Hii ina tofauti gani?

Ni kweli zilikuwa bure, na historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza uliokuwa na makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara, uliotengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika na kuzizungusha kwa lori. Mada zilikuwa akiba ya posta, minyoo, kilimo bora. Baada ya uhuru serikali nayo ilituma magari vijijini, na mwaka 1968 ikaanzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Gari likifika, shuka jeupe linatundikwa, kijiji kizima kinakaa chini.

Tofauti iko mwishoni mwa filamu. Kwenye sinema ya gari, spika ikishasema mswaki upigwe asubuhi na jioni, jenereta inazimwa na watu wanakwenda kulala. Hapa filamu ikiisha ndipo maiki inapoanza kuzunguka, na mwenye kupinga anapinga, mwongozaji akiwa ameketi palepale.

Ni lazima nibaki kwenye mazungumzo?

Si lazima. Taa huwashwa nusu kwa dakika tano ili wanaowahi usafiri watoke bila kukanyagana. Ila ukituuliza sisi, kipande hicho ndicho kinachotufanya tuhangaike na mengine yote.

Utaratibu: maiki mbili, moja kila upande. Unajitambulisha kwa jina tu. Unasema kwa dakika mbili, na kuna binti wa mstari wa mbele mwenye karatasi ya njano, akiinyanyua, unamalizia. Karatasi hiyo haijali cheo. Imeshanyanyuliwa mbele ya mheshimiwa aliyekuwa amesimama kusema "swali langu lina vipengele saba". Lugha ni Kiswahili. Mgeni asiyekijua hutafsiriwa pembeni kwa sauti ya chini.

Tunapendelea maswali yanayorudi kwenye kitu ulichokiona. Kwa mfano: kwa nini mama yule hakuonyeshwa uso mpaka mwisho? Kwa nini ugomvi wa mume na mke tumeusikia tu, kamera ikiwa nje ya mlango? Maswali hayo humfanya mwongozaji asogee mbele kwenye kiti. "Ujumbe wa filamu ni nini?" huulizwa kila wiki, tunaliheshimu, lakini majibu yake yanafanana.

Filamu ziko kwa lugha gani?

Za Kiswahili zinabaki kama zilivyo. Za lugha nyingine tunaziwekea maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kazi inayofanywa na wanafunzi wa kujitolea kwa ruhusa ya mwenye filamu. Mistari isizidi miwili kwa wakati, na ikae muda wa kutosha mtu asome huku anatazama uso wa anayesema. Saa moja ya filamu yenye maneno mengi inaweza kula jioni za wiki nzima. Ukitaka kusaidia, mlango uko wazi.

Kwa nini msimweke mtafsiri wa sauti kama vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani?

Sanaa hiyo tunaipenda. Wapo watafsiri ambao wameokoa filamu mbovu kwa utani wao. Lakini mtafsiri anakaa juu ya sauti ya filamu, na kwenye filamu tunazochagua ukimya huwa umewekwa makusudi. Akiujaza, ameuondoa.

Umeme ukikatika?

Kaa ulipo, usiwashe tochi ya simu usoni mwa jirani. Kompyuta ina betri, projekta haina, kwa hiyo picha inapotea wakati filamu yenyewe bado inakwenda. Fundi anaisimamisha haraka na kuirudisha nyuma kidogo. Jenereta huwaka upesi. Kinachochukua muda ni taa ya projekta: ikizimika ghafla bado ina joto kali, na lazima ipoe kabla haijawaka tena, la sivyo inaungua, na taa mpya ni ghali. Dakika chache hizo msipige miluzi. Fundi anawasikia, na hakuna anachoweza kufanya.

Na mvua?

Ukumbi ni wa bati. Masika ikishuka yote, kuanzia Machi hadi Mei, spika zetu hazifui dafu. Kwa hiyo kipindi hicho tunapanga filamu zenye maandishi chini au zenye maneno machache, na zile za mazungumzo mengi tunazisogeza Juni na Julai. Julai nayo ina baridi yake, hasa mlima ukifunikwa na mawingu. Njoo na sweta au kitenge cha pili.

Watoto wanaruhusiwa?

Wakiwa na mtu mzima, na kwa filamu iliyopangiwa umri wao. Umri umeandikwa kwenye ratiba na hatufanyi mjadala mlangoni.

Kula na kunywa?

Karanga, bisi, kashata, maji, sawa. Chakula cha harufu kali hapana. Pombe hapana kabisa, na mbege ni pombe; hoja ya kwamba ni chakula cha asili tumeshaisikia na tumeikataa. Nje ya geti kuna mama wa ndizi choma na mishikaki ambaye Alhamisi hufunga kwa kuchelewa.

Naweza kurekodi kwa simu?

Mazungumzo unaweza, ukimwomba anayesema. Filamu hapana, hata sekunde kumi za kuweka status. Kwa mwongozaji ambaye bado anaipeleka filamu yake kwenye matamasha, kipande kinachozagaa kinaweza kumharibia.

Filamu zinachaguliwaje?

Kamati ya wanafunzi, mkutubi na wahadhiri wachache hutazama pamoja na kupiga kura. Tunajali kwamba hadithi isingeweza kupatikana kwa urahisi kwingine, na kwamba itazua maneno. Tunapenda filamu fupi kuliko kamati nyingi zinavyozipenda. Fupi mbili au tatu zinazogongana kimawazo huleta mazungumzo kuliko ndefu moja ambayo watu wanatoka nayo wamechoka. Ukitaka kuona nyingi kwa wakati mmoja, jipange uende tamasha la ZIFF, Zanzibar, lililoanzishwa 1997. Wenye nauli ya mbali, tamasha la FESPACO huko Ouagadougou, Burkina Faso, lipo tangu 1969.

Nina filamu yangu. Mtaionyesha?

Tuletee. Faili ya MP4 kwenye flashi, picha ya 1920 kwa 1080, na karatasi moja inayosema filamu inahusu nini, ina dakika ngapi na nani anaimiliki. Ikiwa fupi, ni vizuri isizidi dakika 40. Ndicho kipimo cha filamu fupi hata kwenye Oscar. Tuambie vibali umefikia wapi. Kama ulirekodi ndani ya hifadhi, mfano Hifadhi ya Kilimanjaro, tunataka kuona kwamba uliomba ruhusa.

Zinazokwama, hukwama kwenye sauti. Picha yenye giza kidogo watu huivumilia, lakini mazungumzo yaliyomezwa na upepo humfanya mtazamaji aache kusikiliza baada ya dakika mbili. Azima maiki, funga madirisha, subiri lori lipite. Na muziki: ukichukua wimbo wa Bongo Fleva ukauweka chini ya busu la mwisho bila ruhusa, filamu yako haiwezi kuonyeshwa hapa wala kwenye tamasha lolote la maana. Tafuta mwanafunzi anayepiga gitaa, mwandikiane karatasi ya makubaliano. Na waigizaji wako nao mwandikiane karatasi kama hiyo, hata kama ni binamu zako.

Tunaweza kuwaalika mje shuleni kwetu?

Ndiyo, ila ruhusa tuliyopewa huwa ni ya ukumbi wetu tu, kwa hiyo ya kwenu itaombwa upya. Andaeni chumba chenye mapazia mazito na soketi inayofanya kazi. Shuka tunalo.

Ratiba naipata wapi?

Hubandikwa Jumatatu kwenye ubao wa maktaba na ule wa getini, na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Filamu ikibadilishwa tunaandika kwa kalamu nyekundu chini ya karatasi ileile, kwa hiyo isome hadi mwisho.